Cherehani Niliyoitengeneza Ikaharibika

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wifi yangu, pamoja na huyo mtoto ambaye nasikia sasa anatambaa na kuvuta kila kitu kinachoning'inia. Mnaendeleaje huko? Kifua chako kimepona, au bado unakunywa maji ya baridi na kusingizia vumbi? Huku sisi tu wazima wa mwili. Mimi roho yangu ndiyo bado haijarudi mahali pake, na utaona kwa nini. Mama hajambo. Narudia: mama hajambo, na maneno hayo uyashike mpaka mwisho wa barua, maana nakujua, ukisikia nusu ya habari unafunga safari. Ningekupigia simu, lakini mama amekataa katakata. Amesema habari hii isiende peke yake, iende na kifurushi.

Basi kabla hujasoma zaidi, fungua hicho kifurushi. Mna shati humo. Usilivae kwanza. Likung'ute, lipeleke dirishani penye mwanga, angalia mshono wa bega, wa kwapa, wa kola, na pindo lote chini. Mwite na wifi aangalie, yeye ana jicho kali. Tafuteni kosa. Mkishamaliza, kaa kitako uendelee.

Unaujua ugonjwa wangu wa cherehani kuukuu. Tangu ulipoondoka umezidi. Sebuleni kwangu mgeni akija lazima nimwondolee cherehani kwenye kiti ndipo akae, na shemeji yako anasema angejua angenitolea posa ya bisibisi na kopo la mafuta, tungeelewana mapema. Watu wananiletea vyuma vilivyoota kutu, vimetoka darini na chini ya vitanda, wakitaka kujua ni nini hasa walichorithi. Mimi naangalia namba iliyogongwa kwenye kitako, naangalia maua ya dhahabu yaliyobaki, navuta kibati nione bobini imelala vipi, kisha nampa mtu umri wa chuma chake na ukoo wake wote. Sikosei. Nakwambia hivi ujue kiburi kilikuwa kimenifika wapi, maana kiburi ndicho kilichonileta hapa nilipo.

Sisi wakusanyaji tulipanga kufanya maonyesho katika ukumbi wa maktaba. Kiongozi wetu ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, tunamwita Lenzi kwa sababu kile kioo chake cha kukuzia hakitoki shingoni hata akiwa anakula. Lenzi aliniambia kwamba katika mji mzima hajaona cherehani ya mkono ya aina ya ile ya mama, yenye bobini nyembamba ndefu kama kokwa ya tende, na kwamba ikisafishwa ikarudi kama ilivyotoka kiwandani itawekwa mezani katikati. Mimi tena! Nikaenda kwa mama nikamwomba. Akakataa. Nikambembeleza, akakataa. Mara ya tatu akaniambia, "Ukitaka kuniua, ichukue." Nikacheka. Nilidhani ni yale maneno yake ya kila siku, kama anavyosema atakufa akikosa chai.

Kisha mama mkubwa akaugua, binamu yetu akaja kumchukua mama akakae kwake mpaka dada yake apate nafuu. Ufunguo wa nyumba aliniachia mimi nimwagilie mboga. Kitinda, mboga nilimwagilia, ila na cherehani nikaibeba. Nilisema moyoni kwamba atakaporudi ataikuta inameremeta, atafurahi mpaka atasahau kwamba alikataa. Nilitaka kumshtua.

Nilipoiweka kwenye meza yangu na kuivuta chini ya taa, nilichoka. Kile kibati kinachong'aa chini ya sindano kilikuwa kimechanjwa mifereji mitatu kwa tupa. Ukingo wa kitako, huku mbele, una mikato miwili iliyofika mpaka kwenye chuma, rangi imepasuka. Kwenye kijiti cha kurefushia mshono kuna tone la lehemu limegandishwa katikati. Mpini wa kuzungushia umeviringishwa uzi na nta mpaka umekuwa na nundu. Na mbele ya sindano kabisa, mtu amekunja waya akaulehemu hapo, umekaa tu, hata sikuelewa ni wa kazi gani. Cherehani ya umri ule, isiyokuwa na mwenzake mjini! Nilihisi kama nimemkuta mama mwenyewe amechanjwa uso.

Nikamwita Lenzi aje aone. Akashusha kioo, akaangalia, akafyonya, akasema huyu si fundi, huyu ni mchunga mbuzi aliyeokota tupa njiani. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Nami nikaongeza yangu: kwamba mikono ile isingestahili kushika hata kijiko, na kwamba aliyempa mama bili ya kazi hiyo alipaswa kufungwa. Tulimsema fundi yule mpaka chai ikapoa. Maneno hayo yakumbuke, maana mimi sitayasahau mpaka nakufa.

Basi nikaingia kazini. Kibati nikakitoa nikaweka kingine cha aina hiyohiyo kutoka kwenye akiba yangu, laini, hakina hata mkwaruzo. Mikato ya kitako nikaiziba, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi, nikarudisha maua ya dhahabu kwa brashi ya nywele chache, nikishikilia pumzi. Tone la lehemu nikalikwangua. Nundu ya mpini nikaiondoa. Ule waya nikaukata kwa koleo. Sikutupa kitu, mkusanyaji hatupi; kila kilichotoka kilikwenda kwenye kopo la maziwa. Nilipomaliza, shemeji yako alisimama mlangoni akasema kama ingekuwa mwanamke angeioa. Nilijisikia fundi wa mafundi.

Mama akarudi. Nikaiweka cherehani mezani kwake palepale inapokaa siku zote, nikaifunika kitambaa, nikamwita Mama Vifungo, yule jirani anayeuza uzi na vifungo pale kona, aje ashuhudie. Mama Vifungo alipoona nilichofunika, uso ukambadilika. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilimwuliza mama kwanza. Nikamwambia tulia, utaona. Akaketi kwenye kigoda akashika shavu.

Mama akavuta kitambaa. Akaweka kiganja juu ya cherehani, akakitembeza taratibu, kuanzia kwenye gurudumu mpaka kwenye kitako. Nikasubiri asifie. Vidole vyake vikafika ukingoni, vikarudi, vikafika tena, vikarudi. Akaniuliza hii ni ya nani. Nikacheka kwa raha, nikamwambia ni yako mama, imerudi kama siku ilipozaliwa. Akavuta kiti, akachukua kipande cha kitambaa akakiweka chini ya sindano, akazungusha mpini. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Sindano ikaingia kwenye kidole chake cha shahada, ikatokea upande wa pili.

Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Nikarudisha gurudumu nyuma, nikakitoa kidole, nikakimbilia kitambaa safi, nikampa. Hakukipokea. Nilikuwa nimekinyoosha mbele yake kabisa, karibu na kifua, na yeye anaupeleka mkono pembeni, kwenye hewa, anatafuta. Nikamwambia mama, hiki hapa. Akageuza uso kuifuata sauti yangu, si kitambaa. Nikainua mkono wangu, polepole, nikaupitisha mbele ya macho yake. Hayakupepesa. Nikaupitisha tena.

"Usinipungie mkono," akasema. "Upepo wake nausikia."

Mama Vifungo ndiye aliyemfunga mama kidole, kwa utulivu, kama mtu aliyekuwa akiingoja siku hiyo. Mama yetu haoni. Si kwamba haoni vizuri. Haoni kabisa! Haoni mlango, haoni taa, hanioni mimi niliyekuwa nikimpelekea mboga kila Jumamosi na kumwambia amenenepa. Nilianza kuyakumbuka mambo moja moja na kila moja likinipiga kofi. Vile anavyogombana na mtu akisogeza kiti, nami namwita Meneja wa Viti. Vile anavyosema kila mara "njoo karibu nikuone" kisha ananishika uso. Ile picha ya mtoto wako uliyomtumia, aliyoibandika ukutani kichwa chini miguu juu. Niliikuta nikacheka, nikaigeuza, nikamwambia mama umemning'iniza mjukuu kama popo. Naye akacheka na mimi, akasema mtoto huyu kafanana na baba yenu. Nami nikamkubalia! Mimi ninayejisifu kuijua cherehani kwa ua moja lililobaki, nimekaa karibu na mama yangu miaka yote hii sikujua kwamba haoni.

Nikamwuliza tangu lini. Akanieleza bila kulia, huku anapapasa ile cherehani ngeni mbele yake. Ni presha ya macho. Ilianza wewe ukiwa bado hapa, mwanga ukiingia giza kutokea pembeni kidogo kidogo. Daktari aliwaambia kwamba dawa zingeweza kuchelewesha tu, kilichokwisha kupotea hakirudi. Nikauliza aliwaambia nani, wewe na nani? Akashangaa nauliza. Akasema, "Mimi na baba yenu. Unadhani zile alama alizikata nani?"

Nikaitazama rangi yangu nyeusi pale mezani.

Akaendelea kunieleza kama anavyomwelekeza mtu njia ya sokoni. Ukungu ulipoanza, baba alikata mfereji wa kwanza, ili mama apitishe ukucha ajue upana wa mshono wa pindo. Ulipozidi akakata wa pili, wa mshono wa kawaida, kisha wa tatu wa kola. Mikato ya ukingoni ni ya kuweka kitambaa kisiende upande. Tone la lehemu ni mahali pa mshono wa shati. Ile nundu ya mpini humwambia sindano iko juu au chini. Kila mwanga ulipopungua, baba aliongeza alama. Na siku moja alipomkuta ameketi amefunga kidole, alikata waya, akaukunja, akaulehemu mbele ya sindano ili kidole kisiweze kupita. Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Wiki hiyohiyo ndipo alipoanguka asiinuke tena.

Mchunga mbuzi aliyeokota tupa. Baba yangu, aliyenifundisha kushika bisibisi, aliyeniambia kila siku kwamba usiguse mkwaruzo wa cherehani ya mtu mpaka uulize umetoka wapi. Nilimcheka na mgeni, mezani kwangu, nikinywa chai. Nilikimbia nyumbani nikalimwaga lile kopo, nikakichukua kibati nikakiweka kwenye mwanga. Mifereji yote imelalia upande mmoja, Kitinda. Imelalia kushoto. Baba alikuwa wa shoto, wewe mwenyewe ulikuwa ukimwigiza anavyokula. Mkono wake ulikuwa pale wazi, mbele ya macho yangu na mbele ya kioo cha Lenzi, na sote wawili hatukuona kitu.

Nilipomrudia mama nilipiga magoti nikaomba radhi. Alinishika kichwa akasema hana kinyongo, ila kuna jambo linalomtisha kuliko sindano. Jambo hilo ni wewe. Barua yako ya mwisho nilimsomea mwenyewe, ulivyoandika kwamba mwezi ujao unakuja na gari, nyumba iuzwe, mama ahamie kwako ghorofani, apumzike, aache kuinamia cherehani. Siku ile alinyamaza nikadhani amefurahi. Kumbe alikuwa anahesabu. Kwako hajui mlango uko wapi, hajui ngazi zinaishia wapi, hajui jiko. Atakalishwa kwenye kochi, ataletewa chakula, ataulizwa kama amekwenda msalani. Humu ndani, mdogo wangu, mama si kipofu. Nimemfuata siku nzima nikiwa nimevua viatu. Anachemsha chai, haimwagi tone. Anajua ubao gani unalia. Mama Vifungo humtungia uzi asubuhi akipita kwenda dukani, na kila rangi amemfungia mafundo yake. Uzi ukikatika mchana, mama huketi barazani akasubiri mtu wa kumtungia, na sisi tukipita tunasema leo bibi amejipumzisha. Wateja wake hawajui. Anasema nani atampa kipofu kitambaa chake akikate?

Nikamwambia lazima nikwambie wewe, siwezi kubeba hili peke yangu. Akasema nimrudishie kwanza cherehani yake.

Kwa hiyo nimeiharibu, Kitinda. Rangi yangu yote nimeikwaruza. Kibati cha baba kimerudi, waya umerudi, nta imerudi. Kwenye ukingo ilibidi nikate upya, nami sikujua ni wapi hasa, kwa hiyo mama aliweka ukucha wake pale akaniambia kata hapa. Nikakata. Akapapasa, akatikisa kichwa, akasema si hivyo, baba yako alikata shoto. Nikahamisha tupa mkono wa kushoto. Tupa ikaniteleza ikanichuna, lakini nilikata mpaka aliposema basi. Lenzi nimempelekea habari. Alivua kile kioo shingoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akauliza kama anaweza kuja kumsalimia mama. Kwenye maonyesho meza ya katikati itakaa tupu, au waweke maua.

Siku ya pili yake mama aliketi kushona. Alianza asubuhi, kidole kimoja kimefungwa bendeji. Mimi nilikaa kwenye kigoda, nimekatazwa kusaidia, kazi yangu ilikuwa kutunga uzi ukikatika, na haukukatika. Alipomaliza alilikunja, akalipiga kiganja, akanipa maneno ya kukufikishia. Nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie aangalie mshono. Akiuona umepinda, aje anichukue. Akiuona umenyooka, aje anisalimie, kisha arudi kwake."

Hilo ndilo shati ulilolipeleka dirishani. Sasa umejua nani kalishona na kwa macho gani. Hukumu ni yako, mimi sisemi kitu, ingawa unajua mkono wangu umeegemea wapi. Gari ukija nalo, liwe la kukuleta wewe na mke na mtoto. Mtoto umwachie mama amshike uso, hiyo ndiyo picha yake.

Nipe wifi salamu zangu, mwambie atanisamehe kwa kumwinamisha kwenye mishono bila kumwambia sababu. Shemeji yako anakusalimu, Mama Vifungo anakusalimu, anasema bado unadaiwa pole ya lile dirisha lake ulilolivunja kwa mpira. Mama anakusalimu kuliko wote, na anauliza kikohozi.

Sasa livae hilo shati. Najua litakubana shingoni na tumboni, kwenye picha nimekuona ulivyofutuka. Nilimwambia mama aongeze kidogo. Alikataa. Kipimo chako kiko kwenye kadi aliyoikata wakati unaondoka, bado inaning'inia kwenye msumari wake, na hakuniruhusu niiguse. Alisema mimi nilififia polepole, nikiwa karibu yake, hata hajui ni lini aliacha kuniona. Lakini wewe uliondoka ukiwa bado unaonekana, umesimama mlangoni na mkoba wako, na shingo yako ilikuwa hivyo. Kwa hiyo likikubana, mdogo wangu, usimwambie.

Ni mimi dada yako,
fundi wa shoto